Kabureta mbili za Yamaha RD350: tathmini ya fundi mmoja wa Chang'ombe, Dodoma

Kwa yeyote anayemiliki pikipiki ya zamani ya Kijapani ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wetu huiita tustroku, na anayeishi Dodoma au mikoa ya jirani, napenda kueleza kwa kirefu huduma niliyoipata kwa fundi mmoja wa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, aliyeko Chang'ombe. Nilihangaika karibu mwaka mzima kabla ya kumfahamu, na kazi aliyoifanya ni ya aina ambayo nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba haipatikani tena katika mji huu. Karakana yake haina bango wala jina. Ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba yake, mbele yake pana mwarobaini mkubwa, na waendesha bodaboda wa eneo hilo wote wanaifahamu kuwa ni kwa mzee wa kabureta.

Pikipiki yangu ni Yamaha RD350 ya mwaka 1974, yenye silinda mbili zilizosimama sambamba, ujazo wa sentimita za ujazo 347, na kabureta mbili za Mikuni, moja kwa kila silinda. Marehemu baba yangu aliinunua mwaka 1978 kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake hapa Dodoma, akaitumia kwa miaka mingi kwenda shambani na kazini, kisha ikasimama chini ya turubai nyuma ya nyumba yetu kwa miaka 19. Nilipoifunua, tenki lilikuwa na kutu, na petroli iliyosahauliwa ndani ya bakuli za kabureta ilikuwa imekauka na kuacha utando wa rangi ya kahawia, mgumu kama gundi ya mbao, ambao ulikuwa umeyashika maboya, yale yanayopima kiasi cha petroli ndani ya bakuli, yasiweze kupanda wala kushuka.

Lazima nianze na fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, kwa kuwa bila kueleza alichokifanya mtu hawezi kuelewa thamani ya kile alichokifanya wa pili. Kijana yule ni hodari wa pikipiki za bodaboda, ambazo karibu zote ni za mipigo minne, zenye silinda moja na kabureta moja, na zinazovumilia makosa mengi. Alizifungua kabureta zangu kwa mazoea hayohayo: akachomoa jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli, akazichokonoa kwa uzi mmoja wa waya wa klachi, akapuliza kwa kombresa, akapaka gundi ya gasketi kwenye midomo ya bakuli, akafunga. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu. Injini iliwaka, nami nilifurahi kama mtoto, lakini ndani ya siku chache nilipochomoa plagi niliona kwamba ya kushoto ilikuwa nyeusi na mbichi kwa mafuta, na ya kulia ilikuwa nyeupe kama chokaa. Sikujua maana yake. Wiki ya pili, nikiwa narudi kutoka Hombolo jua likiwa kali, silinda ya kulia ilikaba ghafla na gurudumu la nyuma likajifunga. Niliwahi kuvuta klachi na pikipiki ikaendelea kuserereka kando ya barabara bila kuanguka, lakini pistoni ya kulia ilikuwa imechubuka upande mzima na ringi zake zilikuwa zimenaswa kwenye mifereo yake.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kabureta mbovu ni suala la pikipiki kuzimazima au kula mafuta. Katika injini ya mipigo minne mara nyingi ndivyo ilivyo. Katika injini ya mipigo miwili, petroli inayoingia ndiyo inayobeba pia oili ya kulainisha krenki, pistoni na kuta za silinda, na ndiyo inayopoza kichwa cha pistoni kabla haijaungua. Yamaha walirahisisha jambo hili tangu mwaka 1964 kwa pampu yao ya Autolube, inayoingiza oili yenyewe kulingana na mkono wa resi, ili mwendeshaji asilazimike kuchanganya oili tenkini, lakini kanuni haikubadilika: silinda inayopata hewa nyingi kuliko petroli hupata joto kupita kiasi, aluminiamu ya pistoni hutanuka, na chuma hukutana na chuma. Ndiyo maana kabureta mbili zisizolingana ni hatari kuliko kabureta moja iliyochoka. Silinda moja inaweza kuwa inaenda vizuri kabisa na kukuficha kwamba mwenzake anaungua.

Nilielekezwa kwa mzee huyu na mwalimu mmoja mstaafu. Nilipofika asubuhi ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, jambo lililonishangaza ni kwamba hakushika bisibisi. Aliizunguka pikipiki, akanusa mdomo wa tenki, akaniuliza imesimama miaka mingapi, nani aliifungua mara ya mwisho, na inatumika kwenda wapi. Kisha akachomoa plagi zote mbili akaziweka juu ya gunia, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, akaniambia zisichanganywe. Baada ya hapo alipima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, kwa sababu, kama alivyoeleza, kuna watu wanaolaumu kabureta wakati ringi zimekwisha au oili sili za krenki zimekauka na zinavuta hewa kutoka pembeni, na mtu wa namna hiyo anaweza kubadilisha jeti mpaka mwisho wa dunia bila kupata nafuu. Silinda ya kulia, ambayo nilikuwa nimeiwekea pistoni mpya na ringi mpya kwingine, ilikuwa sawa. Ya kushoto ilikuwa chini kidogo, lakini ndani ya kiwango. Hapo ndipo alipokubali kazi.

Sharti lake la kwanza lilikuwa tenki. Hafungui kabureta ya mtu ambaye tenki lake lina kutu, na kwa hakika nampongeza kwa msimamo huo, kwa kuwa fundi mwenye tamaa angeosha kabureta, akalipwa, na kulipwa tena baada ya mwezi. Tenki lilioshwa kwa siki iliyokaa ndani siku mbili, likasuuzwa, likakaushwa, na koki yake ikafunguliwa na kuwekewa wavu mpya.

Ilipofika zamu ya kabureta zenyewe, nilikaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini nikatazama kila hatua, naye hakukasirika. Alitandaza kitambaa cheupe na kuweka sahani mbili za bati, moja kwa kila kabureta, na hakuna skrubu iliyovuka kutoka sahani moja kwenda nyingine. Kabla ya kuchomoa skrubu ya hewa aliikaza taratibu mpaka mwisho huku akihesabu mizunguko kwa sauti, ili ajue ilikuwa imefunguliwa kiasi gani: ya kushoto mzunguko mmoja na nusu, ambao ndio unaokaribiana na kawaida, na ya kulia karibu mizunguko mitatu. Katika kabureta za Mikuni za aina hii, skrubu ya hewa ikifunguliwa zaidi huongeza hewa na kupunguza nguvu ya mchanganyiko, kwa hiyo fundi wa kwanza, pengine akijaribu kutuliza silensa, yaani mwendo wa injini mkono wa resi ukiwa umefungwa, alikuwa ameiongezea hewa silinda ileile iliyokuwa tayari na njaa ya petroli.

Kisha akachukua jeti kubwa ya kabureta ya kulia, akaishika kati ya vidole viwili, akainua mkono kuelekea jua na kuitazama kwa lenzi ndogo ya fundi saa. Alikaa hivyo kwa muda, akaigeuza polepole, halafu akanipa lenzi. "Mwanangu, tazama mwenyewe. Tundu hili limekuwa yai." Nilitazama. Katika jeti ya kushoto mwanga ulipita katika duara kamili, lenye ukingo mkali. Katika ile ya kulia duara lilikuwa limevutwa upande mmoja, na ukingoni palionekana mkwaruzo mwembamba unaong'aa uliochongwa na ule uzi wa klachi. Shaba nyeupe ya jeti ni laini mno kuliko waya wa chuma, na namba iliyochongwa ubavuni mwa jeti haina maana tena mara tundu linapobadilika. Jeti ndogo ya silensa upande huohuo ilikuwa na tatizo la kinyume chake: uzi ulikuwa umesukuma utando mgumu ndani zaidi na kuuacha hapo, hivyo tundu la pembeni lilikuwa limezibwa kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya plagi nyeupe, kwa sehemu kubwa. Sehemu iliyobaki ilikuwa mpira unaounganisha kabureta na silinda, ambao kwa nje ulionekana mzima lakini ulipokunjwa ulipasuka nyufa ndogondogo kama udongo wa Bahi wakati wa kiangazi.

Kusafisha kulichukua siku mbili. Baada ya kuondoa mipira, oringi na maboya, mwili wa kila kabureta ulilazwa katika dawa ya kusafishia kwa usiku mmoja, kisha ukaingizwa katika beseni dogo linalotikisa maji kwa mawimbi ya sauti, lile ambalo masonara hutumia kusafishia pete. Alilinunua kwa mitumba na analitunza kama mboni ya jicho. Njia za ndani zilisafishwa kwa dawa ya kupuliza na hewa peke yake. Alizijaribu moja moja kwa kupuliza upande huu na kuweka kidole chenye mate upande wa pili, mpaka akahakikisha kwamba kila njia inatoka pale inapopaswa kutokea. Njia ya choki, inayoongeza petroli wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi, ndiyo iliyomchelewesha zaidi, kwa kuwa katika RD350 choki ya kabureta ya kushoto hulisha silinda zote mbili kupitia kimpira kidogo kinachounganisha kabureta, na kile cha kwangu kilikuwa kimekuwa kama tambi kavu.

Nilipomuuliza amejifunzia wapi, alinieleza kwamba ujanani alikuwa akishika taa tu kwa fundi aliyetengeneza pikipiki za BSA, ambazo zilikuja na kabureta za Amal za Uingereza. Mikuni yenyewe ilianza kutengeneza kabureta kwa leseni ya Amal, na mtu aliyeizoea moja haioni nyingine kuwa ngeni: slaidi ya mviringo inayopanda na kushuka kufungua njia ya hewa, sindano iliyoning'inia katikati yake yenye mifereo mitano ya klipu inayoishikilia, jeti kubwa chini, jeti ndogo kando, na skrubu ya hewa ubavuni. Alinifundisha, akitumia kipande cha mkaa juu ya bati, ni kifaa kipi kinachotawala wakati gani. Mkono wa resi ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo sana, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo zinazoamua. Ukifika robo, mkato wa chini ya slaidi unahusika. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano na mahali klipu ilipo. Zaidi ya hapo jeti kubwa ndiyo inayotawala. Kwa maelezo hayo mafupi nilielewa kwa nini pikipiki yangu ilikuwa ikikohoa mjini na kukaba barabara kuu, mambo mawili ambayo nilikuwa nikiyachukulia kuwa ugonjwa mmoja.

Sasa niseme kuhusu vifaa, kwa kuwa hapa ndipo wengi watakapopoteza fedha. Niliagiza seti mbili za ukarabati wa kabureta kutoka India kupitia muuza spea mmoja wa Dar es Salaam. India ni mahali pazuri pa kutafutia vifaa vya RD350, kwa sababu pikipiki hii ilitengenezwa huko kwa leseni kwa jina la Rajdoot 350 kuanzia mwaka 1983, na hadi leo kuna watu wengi huko wanaozitunza. Seti zilikuja zikiwa na gasketi, oringi, jeti, sindano za boya, zile zinazofunga petroli bakuli likijaa, na viti vyake. Oringi zilikuwa nzuri. Gasketi za bakuli zilikuwa ngumu na fupi kidogo, na mzee alizikataa akakata nyingine kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ya gasketi isiyoharibiwa na petroli, akitumia bakuli lenyewe kama kielelezo. Jeti ndizo zilizonisikitisha. Mbili zilizoandikwa namba moja, zikiwekwa mbele ya lenzi, hazikuwa na tundu moja. Jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupewa namba kwa kiasi cha mafuta yanayopita, na si kwa upana wa tundu kama zilivyo za watengenezaji wengine, kwa hiyo namba ileile kwenye jeti ya kiwanda kingine si lazima iwe na maana ileile. Mzee alirudisha jeti ya asili ya kushoto, ambayo ilikuwa salama, na kwa upande wa kulia tulisubiri siku kumi na moja mpaka nikapata jeti halisi ya Mikuni. Nashauri kwa dhati kwamba katika seti hizi mtu anunue mipira tu, na jeti azinunue kwa jina la mtengenezaji mwenyewe, hata kama bei inaongezeka.

Kufunga kabureta na kuzilinganisha ndiko kulikodhihirisha ubora wa mtu huyu kuliko jambo lolote. Kimo cha maboya alikipima kwa kaliper huku kabureta ikiwa imegeuzwa juu chini, akakunja kiulimi cha boya kidogo sana, akapima tena, mpaka mbili zikalingana na kipimo cha kitabu nilichomletea. Baada ya kuzirudisha kwenye injini alichukua keekee mbili mpya za ukubwa mmoja, zile ncha za kutobolea, akapitisha mpini wa kila moja chini ya slaidi kutoka upande wa kichungi, kisha akavuta mkono wa resi polepole mno huku nikishikilia tochi. Keekee ya kulia ililegea na kuanguka kabla ya ya kushoto. Alirekebisha waya, akarudia. Alirudia mara saba, nilihesabu, hadi zote mbili zikaanguka kwa pamoja na kutoa mlio mmoja kwenye sahani. Waya wa resi wa pikipiki hii hugawanyika mara tatu, mbili kwenda kwenye kabureta na mmoja kwenda kwenye pampu ya oili, na alinionya kwamba watu wengi hulinganisha kabureta wakaisahau pampu. Slaidi zikifunguka huku pampu imechelewa, injini inavuta petroli isiyo na oili ya kutosha, na kazi yote nzuri ya kabureta inageuka kuwa njia ya kuua pistoni. Alama ya puli ya pampu aliilinganisha na pini yake, akanionyesha, akataka niiangalie mwenyewe kabla hajafunika.

Kuna suala la mwinuko ambalo sijawahi kumsikia fundi mwingine wa hapa akilizungumza. Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi kidogo ikiwa hapa, na kijana mwenye haraka hushawishika kuweka jeti ndogo zaidi ili pikipiki iwe nyepesi mkononi. Mzee alikataa kufanya hivyo nilipomwomba. Sababu yake ilikuwa kwamba mtu wa Dodoma hakai Dodoma: kesho atashuka Morogoro, keshokutwa ataitwa msibani Dar, na jeti iliyomfaa hapa itakuwa na njaa kule chini, kwenye joto na mwendo mrefu wa barabara ya lami. Petroli kidogo ya ziada huleta masizi kwenye plagi, nayo plagi husafishika. Hewa ya ziada hutoboa pistoni. Aliacha jeti kubwa ya namba ya kiwanda, akashusha sindano kwa mfereo mmoja ili sehemu ya katikati, ninayoitumia zaidi mjini, ipate nafuu, na akaniandikia kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha pembeni nirudishe klipu mahali pake endapo nitahamia pwani.

Huduma yake ina kasoro, nazo ninazitaja kwa heshima. Aliniahidi wiki moja, kazi ikachukua siku 24, na ingawa siku kumi na moja kati ya hizo zilikuwa za kusubiri jeti, nyingine zilipotea kwa sababu anafanya kazi peke yake na hapokei simu akiwa na kabureta mkononi. Hatoi risiti. Hana utaratibu wa kuandika vipimo, vyote viko kichwani mwake, na kama nisingekuwa na daftari langu leo nisingejua skrubu zangu za hewa zimekaa mizunguko mingapi. Siku ya tatu baada ya kuichukua pikipiki, bakuli la kulia lilianza kudondosha petroli usiku ikiwa imesimama. Nilipoirudisha aligundua kwamba sindano ya boya iliyotoka kwenye seti haikai sawasawa kwenye kiti chake, akarudisha ile ya zamani baada ya kuisafisha, na hakunitoza chochote. Jambo hilo lilinipa imani zaidi, lakini lilipaswa kugundulika kabla ya pikipiki kutoka karakana, kwa kuiacha koki wazi usiku mmoja. Tena silensa aliiacha juu kidogo kuliko ninavyopenda, ingawa alieleza kwamba anafanya hivyo makusudi mpaka mipira mipya izoee.

Kwa kazi yote nililipa shilingi 150,000, mbali na vifaa. Najua kuna watakaoona ni nyingi kwa kuosha kabureta, kazi ambayo barabarani hufanywa kwa shilingi elfu chache. Mimi nimeshalipa pistoni moja, ringi zake na kazi ya kuchonga silinda, na kiasi hicho kinazidi mara kadhaa alichonitoza mzee, kwa hiyo bei yake naiona ya haki, na hata ya huruma.

Mwezi uliofuata niliipeleka pikipiki Iringa kwa barabara ya Mtera, kwa kuwa nilitaka kuipima mahali panaposhuka na kupanda. Kutoka Dodoma barabara inashuka kwa zaidi ya kilomita 100 mpaka kwenye bwawa, ambalo likijaa usawa wa maji yake huwa kidogo chini ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na joto la bonde lile mchana halina mzaha. Kilomita chache kabla ya bwawa nilifanya kama mzee alivyonielekeza: nikiwa katika mwendo wa kawaida wa safari nilizima injini na kuvuta klachi kwa wakati mmoja, nikaiacha ijivute mpaka kando ya barabara, nikachomoa plagi zikiwa bado za moto na kuziweka juu ya kiti. Zilikuwa mbili zenye rangi moja, kahawia ya karanga iliyokaangwa vizuri, na ncha zake kavu. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mlima wa kuelekea Iringa niliupanda bila kurudisha gia mara nyingi, na huko juu, kwenye baridi na zaidi ya mita 1,500, injini ilikuwa nzito kidogo asubuhi na kutoa moshi wa buluu kwa dakika chache, jambo nililolitarajia.

Atakayetaka kwenda kwake aende asubuhi kabla ya saa tatu, kwa kuwa hapokei zaidi ya pikipiki mbili kwa wakati mmoja na mchana hulala. Apeleke pikipiki nzima na si kabureta kwenye mfuko, maana za kwenye mfuko hazipokei. Apeleke pia kitabu cha vipimo kama anacho, plagi mpya mbili, na jeti zake zote za zamani hata kama zimeharibika, kwa sababu jambo la kwanza atakaloulizwa ni ziko wapi.